Ukali na Windo: Historia ya Kutenganishwa kwa Dhana Mbili katika Mafunzo ya Mbwa wa Kazi, 1899–2001

Utangulizi

Kwenye malango ya nyumba nyingi za Nairobi na Mombasa huning'inizwa kibao chenye maneno mawili: "Mbwa Kali". Wenye kujali sarufi wamekwisha kukicheka kibao hicho, kwa kuwa mbwa ni kiumbe hai na alistahili kuitwa "mkali". Insha hii haina ugomvi na upatanisho wa kisarufi. Inachokihoji ni kivumishi chenyewe. Mzizi -kali katika Kiswahili umebeba mengi: kisu kikali hukata, pilipili kali huwasha, jua kali huchoma, na mbwa mkali hung'ata. Neno linatuonya kwamba tunaweza kudhurika, lakini halituelezi sababu. Mbwa yule yule angeweza kumng'ata mpita njia kwa kuwa amemwogopa, kwa kuwa analinda banda lake, au kwa kuwa mpita njia alianza kukimbia na yeye, kwa maumbile yake, hufukuza kila kikimbiacho. Hizo ni sababu tatu tofauti, na kibao kinazimeza zote.

Wajerumani, ambao ni miongoni mwa waliotangulia kuandika kwa utaratibu kuhusu mafunzo ya mbwa wa polisi, walikuwa na neno lenye makunjo hayo hayo. Schärfe kwao ni makali ya kisu, na pia ni ile sifa ya mbwa aliye tayari kumkabili mtu. Kwa miongo kadhaa sifa hiyo ilihesabiwa kuwa kitu kimoja: mbwa ama anayo ama hana, na akiwa nayo, basi imo katika damu yake. Insha hii inafuatilia jinsi sifa hiyo moja ilivyokuja kugawanywa katika sehemu mbili zisizofanana, yaani silika ya kuwinda na ukali wa kujihami. Inauliza pia kwa nini mgawanyo huo ulichelewa, ilhali ushahidi wake ulikuwa mbele ya macho ya kila mchungaji na kila msasi. Hoja yangu ni kwamba ucheleweshaji huo haukutokana na kutojua peke yake. Vyombo vya dola vilikuwa na manufaa yao katika kulishikilia neno moja. Maadamu ukali ni maumbile ya mbwa, aliyeshika kamba ana machache ya kujibu.

Jambo moja la istilahi lielezwe mapema. Neno la Kijerumani Trieb, ambalo waandishi wa fani hii hulitumia kwa kila kinachomsukuma mnyama kutenda, linatokana na kitenzi kinachotumika pia kwa kuswaga ng'ombe. Nimelitafsiri kwa "silika" panapozungumzwa maumbile, na kwa "msukumo" panapozungumzwa nguvu ya wakati ule ule. Tafsiri hizi mbili hazilingani kabisa. Lakini hata neno la asili halikuwa na maana moja iliyotulia, kama itakavyoonekana hapo mbele.

Gent na Ujerumani: kazi mpya kwa mbwa wa zamani

Mwaka 1899 una matukio mawili yanayostahili kuwekwa pamoja. Mwezi Machi, polisi wa mji wa Gent nchini Ubelgiji walianza doria za usiku wakiwa na mbwa watatu. Mkuu wao, Van Wesemael, alihitaji walinzi wengi wa usiku kuliko wale ambao mji ulikuwa tayari kuwalipa. Mbwa alikuwa askari asiyedai mshahara. Mwezi uliofuata, tarehe 22 Aprili, afisa wa zamani wa kikosi cha farasi, Max von Stephanitz, aliasisi nchini Ujerumani chama cha mbwa wachungaji wa Kijerumani, na mbwa wake, Horand von Grafrath, akaandikwa wa kwanza katika daftari la nasaba.

Von Stephanitz alikuwa na tatizo la kiuchumi ambalo wanahistoria wa mbwa hulipita haraka. Alimpenda mbwa huyu kwa ajili ya kazi, na kazi yenyewe ilikuwa inatoweka. Ufugaji wa kondoo nchini Ujerumani ulikuwa umepungua sana katika nusu ya pili ya karne ya 19. Mbwa asiye na kondoo angebaki kuwa pambo la maonyesho, jambo ambalo mwasisi huyo alilichukia. Akageukia polisi na jeshi. Mwaka 1901 yalifanyika majaribio ya kwanza ya kumpima mbwa wa ulinzi, na kutokana na majaribio hayo ukakua mfumo wa mtihani wenye sehemu tatu: kufuata nyayo, utii, na kumkabili mtu.

Ni muhimu kukumbuka mbwa huyo alitoka wapi. Mbwa mchungaji wa Kijerumani hakuwa mlinzi wa kufungwa langoni. Kazi yake ilikuwa kukimbia kutwa nzima kando ya mfereji au mpaka wa shamba, akawa kama ukuta unaotembea, ili kondoo wasile mazao ya jirani. Kondoo mkaidi aliruhusiwa kumshika kwa meno, lakini mahali maalumu tu, yaani shingoni, ubavuni au pajani, na bila kumjeruhi. Mshiko huo ni wa windo. Ni tendo la mnyama mwindaji lililopunguzwa na wachungaji, kizazi baada ya kizazi, mpaka likabaki bila hatua ya kuua. Mbwa anayefanya hivyo hamkasirikii kondoo. Akimaliza hugeuka na kuendelea na mbio zake, na kondoo huendelea kula majani.

Basi polisi walipompokea mbwa huyu, walimpokea akiwa na urithi wa mwindaji, wakaueleza urithi huo kwa lugha ya askari. Wakapima ujasiri, uaminifu na moyo wa kupigana. Mbwa aliyerudi nyuma alipotishwa kwa fimbo aliandikwa kuwa hana ujasiri. Aliyesonga mbele aliandikwa kuwa anao. Kilichomfanya asonge mbele hakikuulizwa.

Aliyekaribia kuuliza ni Konrad Most, afisa wa polisi aliyeanza kufundisha mbwa wa kazi mjini Saarbrücken mwaka 1906 na kutoa kitabu chake cha mafunzo mwaka 1910. Most alikataa katakata dhana kwamba mbwa anaelewa wema na uovu, au kwamba anamjua mhalifu kuwa ni mhalifu. Kwake, mbwa hujifunza kwa matokeo ya kupendeza na ya kuchukiza yanayofuata matendo yake, basi. Mbinu zake zilikuwa ngumu, na msomaji wa leo hawezi kuzipitia bila kuumia moyo, kwa kuwa kola yenye miba na mjeledi vimo. Hata hivyo, kwa upande wa fikra, yeye alikuwa amekwisha kumvua mbwa sare ya askari. Kama mbwa hamjui mhalifu, basi hamshambulii kwa sababu ya uhalifu, na swali la sababu linarudi mezani. Most hakulifikisha mwisho, nayo Vita vya Kwanza vya Dunia vikaja. Jeshi la Ujerumani lilitumia mbwa wapatao 30,000, wengi wakiwa wa kubeba ujumbe na kuwatafuta majeruhi. Mwaka 1916 shule ya kwanza ya mbwa wa kuwaongoza vipofu ilifunguliwa mjini Oldenburg, ikitumia mbwa wa aina ile ile iliyosifiwa kwa makali.

Waliyoyajua wachungaji na wasasi

Methali ya Waswahili husema kwamba mbwa wa msasi mkali ni wakali pia. Methali hii inaweza kusomwa kwa njia mbili. Ya kwanza, ambayo ndiyo ya kawaida, ni kwamba wafuasi huiga tabia ya mkubwa wao. Ya pili ni ya mtu aliyewahi kufuatana na wasasi: ukali wa mbwa huanzia kwa mtu. Usomaji huu wa pili unastahili kupewa uzito, kwa sababu mbwa wa msasi, akiwa msituni, huwa hana hasira. Ana furaha. Ukitaka kujua kama mbwa anawinda au anagombana, mtazame. Anayewinda yuko kimya au hutoa mlio mwembamba wa shauku, masikio yako mbele, na akishika hushika kwa kinywa kizima na kutulia. Anayegombana kwa woga au kujihami hunguruma, manyoya ya mgongoni husimama, midomo hukunjwa na meno huonekana. Hung'ata kwa meno ya mbele, huachia, hung'ata tena, na wakati wote anaipima njia ya kutorokea.

Raymond na Lorna Coppinger, katika kitabu chao kuhusu mbwa cha mwaka 2001, waliupanga uwindaji kama mnyororo wa matendo: kuelekea, kukazia macho, kunyatia, kufukuza, kushika, kuua na kupasua. Wanadamu, kwa kuchagua mbwa wa kuzalisha, walirefusha pete fulani za mnyororo na kufupisha nyingine. Mbwa wa kondoo wa mpaka wa Uskoti na Uingereza hukazia macho, hunyatia na kufukuza, lakini kuua kumefifia. Mbwa wa mbio anayemfukuza sungura ana ufukuzaji na ushikaji uliokamilika, na bado nyumbani huwa mpole. Upande wa pili wapo mbwa walinzi wa mifugo, kama wale wa Anatolia, ambao mnyororo huo kwao umekatika karibu wote. Hawafukuzi mbuzi, hulala katikati yao. Tangu mwaka 1994 mfuko wa uhifadhi wa duma nchini Namibia umewagawia wafugaji mbwa hao, nao hubweka na kujitokeza mbele ya duma mpaka duma aende zake, na mfugaji hapati sababu ya kumpiga risasi.

Mifano hii miwili ikiwekwa pamoja inatoa hoja nzito. Kuna mbwa mwenye silika kubwa ya kuwinda na ukali mdogo, na kuna mbwa mwenye ukali wa kulinda na silika ndogo ya kuwinda. Vitu viwili vinavyoweza kupatikana kimoja bila kingine, kwa pande zote mbili, si kitu kimoja. Hakuna maabara iliyohitajika ili kuligundua hilo. Aliyehitajika ni mtu aliyechunga kondoo na aliyewahi kuwinda, akakaa meza moja na mkuu wa polisi.

Mbwa wa Saarloos

Jaribio lililoonyesha kwa gharama kubwa zaidi kosa la kuchanganya mambo haya lilifanywa na Mholanzi, Leendert Saarloos, kuanzia miaka ya 1930. Alimpenda mbwa mchungaji wa Kijerumani lakini alimwona amelegea kwa kufugwa mno. Akaamua kumrudishia nguvu za asili kwa kumpandisha na mbwamwitu jike wa Ulaya. Mantiki yake ilikuwa safi, ukikubali msingi wake: kama makali ni maumbile ya mnyama mwitu, basi anayekaribia zaidi umwitu atakuwa mkali zaidi, na mbwa wa kazi aliye bora atatoka hapo.

Waliozaliwa hawakuwa askari. Walikuwa wanyama wenye hadhari kubwa, waliojitenga na wageni, na ambao, walipotishwa, chaguo lao la kwanza lilikuwa kukimbia. Kwa mbwamwitu jambo hilo ni akili. Yeye ni mwindaji hodari, lakini mwindaji hodari hapotezi nguvu wala hahatarishi mwili wake kwa kugombana na kiumbe asiye chakula. Saarloos alifariki mwaka 1969, na mwaka 1975 aina yake ilitambuliwa rasmi kwa jina lake, lakini haikuwa mbwa wa polisi. Aliutafuta ukali mahali palipokuwa na windo, akapata hadhari.

Kutoka ubongo wa paka hadi uwanja wa mazoezi

Wanasayansi walilifikia suala hili kwa njia ya mnyama mwingine. Mjini Zürich, Walter Hess, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1949, alipitisha nyaya nyembamba za umeme katika sehemu ya ndani ya ubongo wa paka iitwayo haipothalamasi, na kuonyesha kwamba msisimko mdogo mahali fulani humfanya paka aliyetulia avimbe manyoya, atoe mlio wa hasira na kujihami dhidi ya adui asiyekuwepo. Mwaka 1962, Wasman na Flynn wa Chuo Kikuu cha Yale waliongeza jambo la pili. Kutoka sehemu za haipothalamasi walipata mashambulizi ya namna mbili. Katika namna moja paka alipiga makelele, akasimamisha manyoya na kutoa kucha. Katika namna nyingine alimwendea panya kimya kimya, bila dalili yoyote ya ghadhabu, akamng'ata. Paka si mbwa, na tahadhari hiyo haipaswi kusahauliwa. Lakini matokeo yalidhihirisha kwamba kung'ata kunaweza kuwa na mizizi miwili ndani ya kichwa kimoja.

Mwaka uliofuata, 1963, Konrad Lorenz alitoa kitabu chake maarufu kuhusu uchokozi. Mwanzoni kabisa anatenganisha uwindaji na uchokozi: simba hana hasira na nyati anayemwangusha, kama vile mtu asivyokuwa na hasira na nyama iliyo jikoni mwake, na uso wa mbwa anayekaribia kumkamata sungura ni uso wa furaha. Uchokozi wa kweli, kwa Lorenz, ni ule wa mnyama dhidi ya mwenzake wa jamii moja. Aya hizo chache zilisomwa na wakufunzi wa mbwa kuliko sehemu nyingine zote za kitabu, na mimi naona walifanya vyema, kwa sababu sehemu nyingine zimezeeka vibaya. Lorenz aliuona msukumo kama maji yanayojaa ndani ya tangi mpaka yapate pa kumwagikia. Tayari mwaka 1953 Mmarekani Daniel Lehrman alikuwa ameikosoa vikali nadharia hiyo ya silika kwa kupuuza mchango wa makuzi na mazingira, na mwaka 1960 Robert Hinde akaonyesha udhaifu wa mifano inayouchukulia msukumo kuwa nishati inayohifadhiwa.

Hapa pana kinaya cha kihistoria. Wakati wataalamu wa mwenendo wa wanyama walipokuwa wanaliacha tangi la Lorenz, wakufunzi wa mbwa walilichukua. Yapata mwaka 1980, Helmut Raiser, mkufunzi wa Kijerumani, alitoa kitabu kuhusu mbwa wa ulinzi ambacho kilipanga kazi yote ya kumkabili mtu kwa kufuata misukumo: wa windo, wa kujihami, wa uchokozi, na pamoja nayo tabia ya kukwepa. Kwa mtazamo wa nadharia kitabu kilichelewa. Kwa mtazamo wa uwanja wa mazoezi, hata hivyo, kilifungua macho ya wengi, na inafaa kueleza kwa nini.

Msukumo wa windo huamshwa na kitu kinachokimbia, na hutulizwa kwa kukishika na kukichukua. Mbwa huufurahia, lakini akiurudia mno huchoka. Msukumo wa kujihami huamshwa na tishio. Haumchoshi mbwa kwa namna ile ile, kwa kuwa tishio haliishi utamu wala halina utamu. Lakini una jirani wa hatari, yaani woga. Tishio likizidi kidogo, mbwa aliyekuwa akisonga mbele hugeuka na kukimbia, na akifundishwa hivyo mara kadhaa huharibika moja kwa moja. Raiser alishauri mbwa mchanga aanze kwa windo, kwa gunia na mkono wa kinga unaochezwa mbele yake. Kisha, akishakomaa, atishwe kwa kiasi, na mara tu anapojibu kwa nguvu aruhusiwe kushika, ili mzigo wa tishio uyeyuke katika furaha ya kukamata. Msaidizi anayevaa mkono wa kinga akawa mtu muhimu kuliko mwenye mbwa, kwa kuwa ndiye anayeamua, kwa mwendo wa mabega na miguu yake, mbwa aamke katika hali gani.

Mbinu hii ilipunguza ukatili uwanjani, na hilo si jambo dogo. Lakini ilileta tatizo jipya. Mbwa wa mashindano alianza kuupenda mkono wa kinga kuliko kumwangalia aliyeuvaa. Msaidizi akiuvua na kuutupa, mbwa huuchukua na kuondoka nao akiwa na kiburi cha mwindaji, na mtu aliyebaki amesimama mikono mitupu hana maana tena kwake. Polisi wakalalamika kwamba wanaletewa mbwa wa mchezo. Malalamiko hayo yanafichua jambo: baadhi yao walitaka ule ukali wa zamani urudi, na walikuwa wanajua kwamba windo peke yake haliutoi.

Uthibitisho wa takwimu ulikuja baadaye, kutoka Sweden, ambako mbwa wa aina nyingi hupitishwa katika jaribio moja la tabia. Svartberg na Forkman, mwaka 2002, walichambua matokeo ya mbwa 15,329 wa aina 164. Zilijitokeza sifa tano: kupenda kucheza, udadisi unaoambatana na kutoogopa, kupenda kufukuza, kupenda watu, na uchokozi. Nne za kwanza zilihusiana zenyewe kwa zenyewe kiasi cha kuunda sifa moja pana zaidi. Uchokozi ulibaki peke yake nje. Kwa maneno mengine, kujua kwamba mbwa anapenda kufukuza hakukuambii kama ni mchokozi.

Afrika Mashariki ina mfano wake. Katika kituo kilichopo Usa River, karibu na Arusha, mbwa hufundishwa kunusa pembe za ndovu na nyara nyingine kwa ajili ya viwanja vya ndege na bandari. Kinachowasukuma kupekua mizigo saa baada ya saa ni mpira wanaopewa wakipata. Hilo ni windo, na abiria anayepita kando yao hana cha kuogopa.

Mpaka wa Ujerumani mbili

Kama windo na ukali ni vitu viwili, ule ukali wa mlango wa gereza na wa mpaka, ulioogopwa na mamilioni, ulikuwa nini? Historia ilitoa nafasi ya pekee ya kuchunguza. Serikali ya Ujerumani ya Mashariki ilifunga mbwa kwenye nyaya ndefu kando ya mpaka wake na kuizunguka Berlin ya Magharibi. Mnyororo wa mbwa uliteleza juu ya waya, naye akakimbia huku na huko katika kipande chake, mchana na usiku, majira yote. Wengi hawakuwa na mafunzo yoyote ya maana. Walitakiwa kubweka na kuonekana.

Ukuta ulipofunguliwa mwaka 1989, maelfu ya mbwa hao walikosa kazi. Magazeti ya Magharibi yaliwaandika kama majitu ya kunywa damu, na palikuwa na hofu ya kuwaruhusu wavuke. Vyama vya ulinzi wa wanyama vilipowachukua ili kuwatafutia makazi, vilikuta kwamba wengi walikuwa wanyama wa kawaida, wenye kiu ya kuguswa na kusemeshwa. Mbwa aliyefungwa hawezi kukimbia anapotishwa, na hawezi kufika kwa kile anachokitamani. Hubweka kwa sababu zote mbili. Ukali ulioonekana kutoka upande wa pili wa uzio ulikuwa kwa sehemu kubwa kazi ya waya. Marie-Luise Scherer aliuandikia mpaka huo wa mbwa simulizi ndefu ya kihabari mwaka 1994, na thamani yake kwa mwanahistoria ni kwamba mnyama ndani yake haachwi kuwa alama tu ya utawala.

Afrika Kusini: mbwa kama shahidi, mbwa kama silaha

Polisi wa Afrika Kusini walianza kutumia mbwa kwa utaratibu mwanzoni mwa karne ya 20, wakiwategemea doberman waliotoka Ujerumani. Kazi kuu ilikuwa kufuata harufu: mbwa alinusishwa mahali pa wizi, akafuatwa, na yule aliyemwendea akashtakiwa. Katika jamii ile, aliyeelekezewa mbwa kwa kawaida alikuwa Mwafrika. Mwaka 1920, katika kesi ya Trupedo, mahakama ya rufaa chini ya Jaji Mkuu Innes ilikataa ushahidi wa namna hiyo. Kiini cha uamuzi kilikuwa kwamba hakuna uhakika wa kutosha juu ya kinachomwongoza mbwa anapotenda, hivyo tendo lake lisifanywe msingi wa kumtia mtu hatiani. Kwa maoni yangu uamuzi huo ni waraka muhimu katika historia ya elimu ya tabia za mbwa, ingawa haukuandikwa kwa lengo hilo. Mahakama ilikataa kukisomea kitendo cha mnyama sababu ambayo haikuthibitishwa.

Miaka 78 baadaye, Januari 1998, askari sita weupe wa kikosi cha mbwa cha North East Rand waliwachukua wanaume watatu wahamiaji kutoka Msumbiji na kuwaachia mbwa. Walijirekodi wenyewe kwa video. Katika picha hizo, zilizoonyeshwa na televisheni ya taifa Novemba 2000, mbwa wanang'ata tena na tena, na askari wanawatukana na kuwapiga watu wale huku wakiwaomba huruma. Mwaka 2001, wanne kati yao walikiri makosa na kufungwa.

Tukio hilo lilielezwa na wahusika kuwa ni mazoezi ya mbwa. Maelezo hayo yasipuuzwe, kwa kuwa yanabeba historia nzima iliyojadiliwa hapa. Ni kweli kwamba mbwa wa polisi hufanya mazoezi ya kung'ata, na ni kweli kwamba mbwa aliyezoea mkono wa kinga huenda asimng'ate mtu asiyeuvaa. Yale malalamiko ya uwanjani kwamba mbwa wa windo si mbwa wa kazi yaliweza, mikononi mwa askari hao, kugeuzwa kuwa sababu ya kutafuta mwili wa mtu hai. Na waliotafutwa hawakuwa watu wowote tu, bali wageni wasio na hati, ambao haikutarajiwa kwamba wangesikilizwa.

Tofauti kati ya windo na ukali ingeweza kutumika hapo kama utetezi: mbwa hakuwa na hasira, alikuwa anafanya alichofundishwa. Kwa upande wa mbwa, utetezi huo pengine ungekuwa wa kweli. Aliyeng'atwa hauoni unafuu wowote ndani yake, na kidonda cha mshiko mzima uliotulia ni kikubwa kuliko cha meno ya mbele ya mbwa mwoga. Lakini ukishakubali kwamba mbwa hakuwa na hasira, inabidi utaje nani alikuwa nayo. Hati ya mashtaka iliwataja, kwa majina yao, na hakuna mbwa aliyeorodheshwa humo.